Kutafuta Hitilafu za Umeme katika Feni ya Jikoni: Somo la Kufikiri kwa Utaratibu

Utangulizi

Katika mazoezi ya kufundisha ya mwaka uliopita nilikaa nyuma ya darasa moja la shule ya msingi kutazama somo la umeme. Mwanachuo aliyekuwa akifundisha alikuwa amejiandaa vyema. Juu ya meza alikuwa ameweka kifaa alichokitengeneza kwa mikono yake: boksi la kadi lililogeuzwa kuwa kofia ya moshi ya jikoni, na ndani yake mota ndogo iliyotolewa katika deki ya CD iliyokufa, pangaboi la plastiki, globu ya tochi na betri mbili. Alipowasha, globu iliwaka lakini pangaboi halikuzunguka. Akazima na kuwasha mara tatu, bila mafanikio. Mwishowe alikisukuma kifaa chini ya meza, akasema, "Kifaa kimekataa. Na tutazame mchoro ubaoni."

Hapo msichana mmoja wa dawati la tatu alinyosha mkono. "Mwalimu," alisema, "mbona taa inawaka? Basi betri ni nzima." Mwanachuo alimwambia aketi, kwa kuwa muda ulikuwa unakwisha.

Katika kipindi kile chote hapakusemwa neno lenye sayansi zaidi ya neno la msichana yule. Alikuwa ametazama, akalinganisha kinachofanya kazi na kisichofanya kazi, kisha akaondoa sababu moja katika orodha ya sababu zinazowezekana. Huo ndio utafutaji wa hitilafu. Mwalimu alikuwa na somo zuri mezani pake, naye akalificha kwa sababu aliona haya.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwanachuo namna ya kuifanya hitilafu iwe somo lenyewe. Tutaichukua feni ya kutolea moshi jikoni kuwa mfano, kwa kuwa ina matawi mawili ya umeme, la taa na la mota, na kila tawi huweza kutoa ushahidi juu ya jingine.

Feni ya kutolea moshi na njia zake za umeme

Feni hii hufungwa juu ya jiko katika mahoteli, katika majiko ya hospitali na katika nyumba nyingi za mjini. Kwa nje ni kama kofia ya bati. Chini yake pana chujio la wavu linalonasa mafuta yapandayo pamoja na mvuke. Juu ya chujio pana pangaboi linaloendeshwa na mota, na aghalabu bomba la kupeleka moshi nje. Kadhalika huwa na taa ya kumulika sufuria, swichi ya taa, na swichi ya kuchagua mwendo wa pangaboi.

Mwalimu hana budi kuifahamu njia ya umeme kabla ya kufundisha. Umeme huingia kwa plagi, hupita katika fyuzi iliyomo ndani ya plagi, kisha hufuata waya mrefu hadi kwenye kiungio kilichomo ndani ya kofia. Hadi hapo njia ni moja. Kuanzia kwenye kiungio njia hugawanyika sambamba: tawi moja huenda kwenye taa na jingine kwenye mota, na kila tawi lina swichi yake. Tawi la mota mara nyingi huwa na swichi ndogo ya joto inayokata umeme mota inapopata moto kupita kiasi. Mota nyingi za aina hii zina koili mbili na kapasita ya mikrofaradi chache. Kapasita huufanya mkondo wa koili moja upishane kwa wakati na mkondo wa koili ya pili, na kupishana huko ndiko kunakoipa mota msukumo wa kuanza kuzunguka.

Mwanafunzi wa shule ya msingi halazimiki kukariri hayo yote. Jambo la lazima kwake ni moja: kuna njia ya pamoja, kisha kuna matawi. Mwenye kulielewa hilo ataweza kuzisoma dalili.

Dalili na maana zake

(a) Taa haiwaki na mota haizunguki. Hitilafu imo katika njia ya pamoja: soketi haina umeme, fyuzi imekatika, waya umekatika ndani ya ganda lake, au kiungio kimelegea. Yawezekana pia kwamba taa na mota zimeharibika siku moja, lakini hilo ni nadra, na tusilianzie hilo.

(b) Mota yazunguka, taa haiwaki. Njia ya pamoja ni nzima. Tazama globu kwanza, kisha kishikio chake, kisha swichi yake.

(c) Taa yawaka, mota iko kimya kabisa. Njia ya pamoja ni nzima. Shuku swichi ya mota, swichi ya joto, nyaya za tawi hilo, au koili iliyokatika.

(d) Taa yawaka, mota yavuma lakini haizunguki. Dalili hii ni tofauti sana na ile ya (c), ingawa mtazamaji mvivu huziandika kwa maneno yale yale: "feni haifanyi kazi." Mvumo ni ushahidi kwamba umeme umefika kwenye koili. Basi ama pangaboi limekwama kwa mafuta yaliyoganda, ama ekseli imekauka, ama kapasita imechoka. Fundi akishachomoa plagi hulizungusha pangaboi kwa mkono: likiwa zito, kosa ni la kukwama, likiwa jepesi, kapasita ndiyo inayoshukiwa kwanza.

(e) Mota huzunguka kwa mwendo mmoja tu. Swichi ya kuchagua mwendo, au sehemu ya koili inayohusika na mwendo ule mwingine, ina kasoro.

(f) Feni hufanya kazi kwa muda, husimama, kisha huanza tena ikipoa. Swichi ya joto inaifanya kazi yake. Haifai kuilaumu swichi hiyo wala kuiondoa. Itafutwe sababu ya joto.

(g) Fyuzi hukatika kila inapobadilishwa. Nyaya zimegusana mahali fulani, au mota imeungua. Kuweka fyuzi kubwa zaidi si matengenezo.

(h) Mtu hushtuliwa anapogusa kofia. Umeme umevuja hadi kwenye bati, na waya wa kuupeleka ardhini haufanyi kazi yake. Kifaa kisitumike hata dakika moja zaidi. Umeme ukatwe kwenye swichi kuu ndipo plagi ichomolewe, na fundi aitwe.

(i) Feni yazunguka vizuri lakini moshi hautoki. Hii si hitilafu ya umeme. Chujio limeziba au bomba lina kizuizi. Dalili hii isiachwe katika somo, kwani humkumbusha mwanafunzi kwamba swali la kwanza ni kama kosa ni la umeme au si la umeme.

Tahadhari

Umeme wa nyumbani katika nchi yetu ni wa volti 230, nao huua. Betri mbili za tochi zikiunganishwa mfululizo hutoa volti 3. Katika somo hili wanafunzi watafanya vipimo vyote kwa volti 3, wala hawatafungua kifaa chochote cha umeme wa nyumbani, hata kikiwa kimechomolewa. Mwalimu alieleze jambo hilo mwanzoni, alirudie mwishoni, na atoe sababu zake. Katazo lisilo na sababu huwa kama kichocheo kwa mtoto mwenye udadisi.

Sababu ya kwanza ni kwamba kuzima swichi si sawa na kuondoa umeme. Swichi nyingi hukata waya mmoja tu kati ya mbili. Kama fundi aliziunganisha kinyume, kifaa kilichozimwa bado kina umeme ndani yake. Sababu ya pili ni kapasita, ambayo huweza kubaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa. Sababu ya tatu ni kwamba rangi za nyaya huweza kudanganya. Katika waya wa kifaa cha siku hizi, kahawia huleta umeme, buluu huurudisha, na kijani chenye mistari ya manjano huenda ardhini. Katika majengo ya zamani twakuta nyekundu kwa kuleta na nyeusi kwa kurudisha. Asiyejua historia ya jengo asiziamini rangi peke yake.

Kuhusu fyuzi, yafaa mwalimu afanye hesabu ubaoni. Feni yenye mota na taa za jumla ya wati 200 huhitaji mkondo wa 200 ÷ 230, yaani kama ampea 0.87. Fyuzi ya ampea 3 yamtosha mwenye feni hiyo. Akiweka ya ampea 13, waya mwembamba wa feni huweza kupata moto wakati fyuzi bado imetulia. Akiweka kipande cha msumari au karatasi ya bati, ameondoa mlinzi mlangoni. Ikumbukwe pia kwamba feni hii imejaa mafuta ya kupikia yaliyonaswa, tena iko juu ya moto. Watoto wengi wameona nyumbani fyuzi ikibadilishwa kwa waya wowote uliopatikana. Wasiambiwe kwamba wazazi wao ni wajinga. Waonyeshwe hesabu, nao wataipeleka nyumbani.

Mwisho, kila mwanafunzi ajue la kufanya mtu akinaswa na umeme: asimguse. Umeme ukatwe kwanza kwenye swichi kuu, kisha watu wazima waitwe, na mtu huyo apelekwe hospitali hata kama anasema hajambo.

Kutengeneza kifaa cha kufundishia

Vifaa: ubao wa kiasi cha sentimita 40 kwa 30, misumari mifupi 9 isiyo na kutu, betri 2 za tochi, globu 2 za tochi za volti 3, mota ndogo kutoka katika chombo kibovu, pangaboi lililokatwa katika chupa ya plastiki, vipande vya waya, na vipande vya bati vya kufanyia swichi 2.

Pigilia misumari 8 kwa safu, uipe namba 1 hadi 8. Msumari wa 9 uwe pembeni, uandikwe R, yaani "kurudi". Unganisha upande chanya wa betri na msumari wa 1, na upande hasi na R. Kila kipande cha njia kipewe jina la sehemu ya feni ya kweli: betri hadi 1 ni plagi, 1 hadi 2 ni fyuzi, 2 hadi 3 ni waya mrefu, 3 hadi 4 ni waya unaofika kwenye kiungio. Msumari wa 4 ndio kiungio. Kutoka hapo tawi la taa lipite katika swichi yake na globu moja hadi R. Tawi la mota liendelee: 4 hadi 5 ni swichi ya mota, 5 hadi 6 ni swichi ya joto, 6 hadi 7 na 7 hadi 8 ni nyaya za tawi hilo. Mota ifungwe kati ya 8 na R. Vipande vizungushwe tu kwenye misumari ili vitolewe kwa urahisi.

Globu ya pili ni ya kupimia. Ifunge nyaya mbili ndefu: mmoja ukae kwenye R, wa pili uguswe kwenye msumari wowote. Ikiwaka, njia ni nzima kutoka kwenye betri hadi kwenye msumari huo. Mwalimu aonye kwamba globu hii ni ya ubao huu tu, wala isipelekwe kamwe kwenye soketi.

Hitilafu huandaliwa kabla ya kipindi. Kipande cha waya hupindwa mara nyingi hadi shaba ikatike ndani huku ganda likibaki zima. "Fyuzi" hupakwa rangi ya kucha pale inapogusa msumari. Kipande cha karatasi hufichwa chini ya bati la swichi. Uzi huzungushwa kwenye ekseli ya mota ili ikwame. Hitilafu hii ya mwisho iwashwe kwa sekunde chache tu, kwa maana mota iliyokwama hunywa mkondo mwingi na kupata moto. Wanafunzi wenye macho mazuri wataona hata taa ikififia.

Hatua za somo

Somo lahitaji vipindi 2 vya dakika 40, na wanafunzi katika vikundi vya watu 5 au 6. Kipindi cha kwanza kitumike kuijenga sakiti nzima na kuiona ikifanya kazi. Asiyekijua kifaa kikiwa kizima hawezi kuitambua hitilafu yake. Kipindi cha pili kina hatua zifuatazo.

Hatua ya 1: Ushahidi. Kila kikundi kiandike orodha mbili, "kinachofanya kazi" na "kisichofanya kazi". Hakuna kugusa kitu bado. Neno "imeharibika" lisikubaliwe. Mwanafunzi aseme alichokiona, alichokisikia au alichokinusa.

Hatua ya 2: Dhana. Kikundi kitaje mahali panaposhukiwa na sababu ya kupashuku. Kisha kijibu swali hili: "Kama dhana yetu ni kosa, tutaona nini?" Swali hili ni gumu, na ndilo lenye faida kuliko yote. Mwalimu asilikimbilie kulijibu.

Hatua ya 3: Kipimo. Wanafunzi wengi wataanza msumari wa 1 na kwenda mmoja mmoja. Waache wafanye hivyo mara ya kwanza. Mara ya pili uliza, "Je, tunaweza kuanzia katikati?" Taa ya ubao imo katikati, kwenye msumari wa 4, kwa hiyo imekwisha kutufanyia kipimo cha kwanza bila gharama. Ikiwaka, vipande 4 vya mwanzo ni vizima. Isipowaka na mota isipozunguka, na tukichukua kwamba kosa ni moja, basi limo katika vipande hivyo 4, na vipimo 2 vyatosha kulikamata: kwanza msumari wa 2, kisha wa 1 au wa 3. Kwenye ubao mfupi faida ni ndogo, lakini njia ikiwa na vipande 16, mwenye kugawa nusu kwa nusu hahitaji zaidi ya vipimo 4, na mwenye kufuata kipande kwa kipande huenda akafika 15. Kama globu ya kupimia yawaka hata kwenye msumari wa 8 na mota bado iko kimya, njia ya kuja ni nzima. Kosa limo ndani ya mota au katika njia ya kurudi.

Hatua ya 4: Kutengeneza na kuthibitisha. Kibadilishwe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Kifaa kikifanya kazi, kikundi kirudishe kile kipande kibovu kuona kama dalili itarudi. Ikirudi, kosa limethibitishwa. Isiporudi, huenda waya mwingine uliolegea ulikaza kwa bahati tulipokuwa tukigusagusa, na kosa la kweli bado limo.

Hatua ya 5: Taarifa. Kikundi kiandike sentensi chache kama hizi: "Taa iliwaka, mota ilikuwa kimya. Tulishuku swichi ya mota. Globu ya kupimia iliwaka kwenye msumari wa 4, haikuwaka kwenye wa 5. Tulifungua swichi, tukakuta karatasi. Tulipoiondoa, mota ilizunguka. Tulipoirudisha, ilisimama." Taarifa kama hiyo ni somo la sayansi na la Kiswahili kwa pamoja.

Makosa ambayo mwalimu ajihadhari nayo

Kosa la kwanza ni kutoa jibu mapema. Mwalimu amjuaye mwizi kabla ya upelelezi huona taabu kunyamaza, na jicho lake huelekea kwenye kipande kibovu. Afadhali abadilishane mbao na mwalimu mwenzake, ili kila mmoja atatue hitilafu asiyoiandaa.

Kosa la pili ni kuwaachia vifaa wale wavulana wawili watatu wanaojiita mafundi, na wasichana wakapewa kalamu waandike. Kazi izungushwe kwa zamu: mpimaji, mwandishi, mwenye kuuliza.

Kosa la tatu ni kuadhibu dhana iliyoshindwa. Dhana iliyopimwa ikaonekana si kweli imepunguza eneo la kutafuta; ni faida iliyopatikana. Anayestahili kusahihishwa ni yule aliyebahatisha, akapata, na hawezi kueleza kwa nini.

Kosa la nne ndilo lile nililoliona siku ile: kuficha kifaa kilichogoma. Mwalimu anayesema, "Sijui bado, tutafute pamoja," hapungukiwi heshima. Wanafunzi humwona mtu mzima akikabili jambo asilolijua bila hofu wala uongo, na mfano huo hukaa kwao kuliko mchoro wa ubaoni.

Hitimisho

Baada ya kipindi kile, mwanachuo yule nami tulikaa kwenye benchi nje ya darasa na boksi lake. Sikumwambia chochote ila nilirudia maneno ya msichana: taa inawaka, basi betri ni nzima. Alifuata tawi la mota kwa vidole, akaukuta waya umekatika ndani ya ganda pale unapoingia kwenye mota. Ilimchukua dakika 3. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Yule mtoto angeweza kulipata hili."

Juma lililofuata alirudi katika darasa lile lile. Hakuukarabati ule waya. Aliliweka boksi mezani, akawasha, na pangaboi halikuzunguka. Kisha akamwita msichana wa dawati la tatu, akamwomba arudie mbele ya wenzake yale aliyoyasema siku ile.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya mota iliyo kimya na mota inayovuma bila kuzunguka. Kila dalili yaondoa sababu zipi?

2. Katika ubao ulioelezwa, taa yawaka na mota iko kimya. Globu ya kupimia yawaka kwenye msumari wa 6, haiwaki kwenye wa 7. Hitilafu iko wapi? Utaithibitishaje?

3. Mwanafunzi akuambia kwamba baba yake hutumia waya wa kawaida badala ya fyuzi, "na nyumba haijaungua." Utamjibu nini bila kumvunjia mzazi heshima?

4. Andaa hitilafu mbili kwa pamoja katika ubao mmoja. Ni hatua ipi ya somo itakayowafanya wanafunzi wagundue kwamba makosa ni mawili?

5. Andika azimio la somo la kipindi cha pili kwa shule isiyo na umeme wala mota. Utatumia nini badala ya mota, na ni dalili ipi utakayoikosa?